Upepo Uliosingiziwa Mafua

Sidhani kama kuna mwanamke wa Goma aliyewahi kukaa arobaini yake juu kuliko mimi. Sisemi juu kwa cheo. Nasema juu kwa kipimo cha seremala: kitanda changu kilikuwa kimepandishwa juu ya mawe meusi ya volkano, jiwe juu ya jiwe, hadi godoro likakaribia mikeka ya dari. Kila nilipotaka kushuka nilitumia ngazi ambayo baba mkwe alikuwa akichumia maparachichi. Mwanamke aliyetoka kujifungua anatakiwa kupumzika. Mimi nilikuwa napanda na kushuka kama fundi wa mabati.

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, mwaka ambao mafua makubwa yaliizunguka dunia nzima na yakaona si adabu kuipita Goma bila kusalimia. Tulikaa sehemu ambayo leo watu wanaiita Mapendo, katika nyumba ya mbao yenye paa la mabati. Mimi nilikuwa mgeni mjini. Nilizaliwa Kasongo, kwenye joto, nikaolewa na dereva wa lori aliyeniahidi ziwa na mlima. Akanionyesha vyote viwili siku moja, kisha akaenda zake kubeba kahawa. Alipozaliwa binti yetu wa kwanza yeye alikuwa njia ya Butembo, lori limekwama kwenye matope ya masika. Nikabaki mikononi mwa wazazi wake.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Hakuwa mbaya. Alinikanda kwa maji ya moto, alinipikia uji wa pilipili manga, na akininyima kitu alininyima kwa mapenzi. Katika nyumba za Waislamu wa kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hatoki, mtoto hatolewi, na upepo hauwagusi. Hilo nilikuwa nalijua tangu Kasongo na sikulilalamikia. Ni nani anayelalamika akiambiwa alale na ale? Kilichonishinda ni yale aliyoyaongeza yeye.

Ili yaeleweke lazima nieleze mazuku, maana hata mimi nilipofika sikujua ni nini, na nilipoambiwa nilicheka. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, kwenye nyufa za mawe ya volkano. Haina rangi. Ni nzito, kwa hiyo hulala chini, kwenye vibonde na mashimo, na hapo inasubiri. Mtu mzima akipita wima inamfika magotini tu, anaendelea na safari yake. Mbuzi akishuka kula majani hapandi tena. Watu wa Goma hawabishani juu ya mazuku, wala hawaogopi kupita kiasi; wanajua mahali pake na wanapakwepa.

Sasa gripe, yaani yale mafua makubwa, ilipofika, tulilisikia jina kabla ya kuuona ugonjwa wenyewe. Watu wa ofisi walisema gripe, wakalipeleka sokoni, na mara kila mtu alikuwa na gripe, hata aliyekuwa anaumwa tumbo la maharage. Mama mkwe hakuchukua muda kuitafutia ukoo.

"Hii gripe ni mutoto wa mazuku," alitangaza, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba changu na mikono kiunoni. "Inatoka chini. Angalia nani anagonjwa kwanza."

Ushahidi wake ulikuwa huu. Wa kwanza kupiga chafya mtaani alikuwa mbwa wa jirani, na mbwa, kama kila mtu ajuavyo, pua yake iko chini. Wa pili alikuwa fundi cherehani wa pembeni, mtu mfupi ambaye akikaa huoni kichwa chake nyuma ya cherehani. Wa tatu alikuwa mke wa fundi, naye alikuwa mfupi kuliko mumewe. Kesi ikaisha hapo, mawe yakaletwa, kitanda changu kikapandishwa. Tangu siku ile mama mkwe, ambaye Mungu hakumpa urefu, akaanza kutembea nyumba nzima kwa viatu vya mbao vya kuogea, ko ko ko, kichwa amekiinua juu, akivuta hewa ya watu warefu.

Kisha mwadhini wetu akaugua, na yule alikuwa mtu aliyeinamisha kichwa kila mlango wa mtaa. Nikadhani sasa nitashushwa kitandani.

"Mama, mwadhini ni murefu," nilisema.

"Ni murefu, lakini kila siku anainamaka," akajibu bila hata kufikiri.

Baba mkwe hakukubaliana naye, na asingekubaliana naye hata kama gripe ingemwandikia barua. Alikuwa muuza vitambaa, mnene, mpole na mbishi, watu watatu katika kanzu moja. Kwake yeye ugonjwa ulikuwa umekuja na upepo wa ziwani. Meli zilitoka Bukavu, Bukavu watu walikuwa wanakohoa, na mchana upepo unatoka ziwani kuja mjini. Sasa ulitaka akuchoree? Kila alasiri alitoka barazani, akalamba kidole, akakinyoosha juu, akasubiri, kisha akarudi ndani na uso wa mtu aliyempata mwizi.

"Inatoka ziwani," alisema. "Inapanda meli kule, inashuka huku, ata tiketi hailipi."

"Inatoka ku mulima, muzee," mama mkwe alimjibu. "Inashuka na baridi ya asubuhi, inatambaa chini."

Basi baba mkwe akaziba madirisha yote yanayotazama ziwa. Alitumia vitambaa vilivyochuja rangi dukani na udongo aliokanda mwenyewe. Mama mkwe akaziba yote yanayotazama mlima, na zaidi ya hapo akaziba kila ufa wa sakafuni. Niliambiwa kwamba katika ndoa yao yote hawakuwahi kupata suluhu nzuri namna ile: kila mmoja alishinda upande wake. Nyumba ikabaki na mlango mmoja, na huo nao ukatundikiwa blanketi.

Sitasema kwamba hatukuonywa. Siku moja muuguzi wa zahanati alisimama sokoni juu ya sanduku la sabuni akaeleza mambo matatu: aliye mgonjwa abaki kwake, anayekohoa afunike mdomo, na watu wafungue madirisha. Baba mkwe alikuwepo, alisikiliza toka mwanzo hadi mwisho. Akarudi nyumbani na lile la kwanza, tena nusu yake, yale mengine mawili akayaacha sokoni.

"Serikali imesema tubaki nyumbani," akatuambia. Na mvua ilivyokuwa inanyesha wiki ile, hakuna aliyehitaji kusukumwa.

Sasa fikiria nyumba ile, mvua inapiga mabati, baridi imeshuka kutoka mlimani. Chumba kilichozibwa vizuri kuliko vyote kilikuwa changu, kwa ajili ya mtoto. Chumba chenye kitanda cha juu kuliko vyote kilikuwa changu vilevile. Kwa hiyo kwa hesabu ya mama mkwe na kwa hesabu ya baba mkwe, ambazo kwa mara ya kwanza zilitoa jibu moja, mahali salama kuliko pote Goma palikuwa chumbani kwangu. Wakahamia.

Baba mkwe alileta ile meza yake kubwa ya kukatia vitambaa, akaiegemeza ukutani, akapanda juu yake na mto wake, akakaa hapo kama bidhaa. Mama mkwe aliweka kigoda juu ya sanduku na yeye akakaa juu ya kigoda. Walikula humo, waligombana humo, walisinzia humo. Ilipofika saa ya swala baba mkwe alishuka kwa shida, akatandika mkeka, na kila aliposujudu mama mkwe alishika kifua.

"Haraka, muzee, kichwa kiko chini! Usivute pumzi!"

Akitoa salamu na kupanda tena mezani, sote tulipumua. Tatizo lilikuwa hilo: sote tulipumua, na tulipumua hewa ile ile. Ilinuka vitunguu, nguo mbichi, mafuta ya mgongo wa baba mkwe, maziwa ya mtoto. Nilikaa kule juu karibu na dari nikiwa nimekasirika kuanzia asubuhi hadi jioni. Hasira ya mzazi ni mbaya, maana hana pa kwenda nayo.

Hapo ndipo akaja shangazi. Alikuwa dada mkubwa wa baba mkwe. Alikuja toka Rutshuru kumwona mtoto, juu ya lori lililojaa magunia na abiria, wote wamejibana chini ya turubai moja kwa sababu ya mvua. Aliingia macho mekundu, pua inamtoka, sauti imekwenda.

"Ni vumbi ya barabara tu," alisema.

Vumbi! Katikati ya masika! Lori la mume wangu lilikuwa limezama hadi kwenye milango, na huyu ananiletea habari za vumbi. Nikamtazama mama mkwe. Nilidhani yeye, aliyemtilia shaka mbwa wa watu, atamrudisha huyu barazani. Mama mkwe alimpima kwa macho toka unyayo hadi kilemba. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu.

"Huyu hana shida," akaamua. "Karibu, wifi. Panda."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakumwona shangazi yule. Akapewa heshima ya mgeni, yaani nafasi ya juu kuliko zote, yaani kitandani kwangu. Alipanda ngazi akihema, akajinyoosha kando yangu, akamchukua binti yangu akamnusa mashavu. Nikamrudisha mtoto kifuani kwangu kwa kisingizio cha kunyonya. Nilimnyonyesha mtoto asiye na njaa hadi akanishangaa.

Desturi ya chumba cha mzazi ni ubani. Mama mkwe aliweka chetezo sakafuni kila siku, makaa kidogo na ubani juu yake, ili chumba kinukie vizuri. Kwa kuwa nilikuwa sina la kufanya ila kutazama, nikawa nautazama ule moshi. Nikaona jambo ambalo lilinitoa jasho. Moshi ulitoka kwenye chetezo, ukapanda taratibu, ukapita magotini mwa mama mkwe, ukapita kwenye kitambi cha baba mkwe, ukafika darini, ukaishia hapo. Haukuwa na pa kutokea. Ukatandazika kama shuka chini ya mikeka ya dari, mahali pale pale tulipolala mimi na mwanangu.

Kisha shangazi akapiga chafya. Ilikuwa chafya ya mtu mrefu, ilianzia mbali. Ile shuka ya moshi ikatikisika, ikachanika, ikasogea yote ikaja usoni kwangu. Na haikuondoka. Ilibaki inazunguka polepole, na akakohoa tena, ikaja tena.

Sikusoma shule. Lakini nilikuwa na macho, na nilielewa kwamba kama moshi wa chini umepanda kwetu, basi na pumzi ya kila mtu chumbani mle ilikuwa inapanda kwetu. Hatukuwa tumepandishwa mbali na gripe. Tulikuwa tumepandishwa katikati yake.

Nilijaribu kusema. "Mama, tufungule dirisha kidogo tu."

"Upepo?" akaniuliza, kana kwamba nimeomba chui. "Unataka upepo uingie ku mutoto?"

"Dirisha ya ziwa ama ya mulima?" baba mkwe akauliza, tayari kwa ugomvi. Na ugomvi ukaanza, dirisha likasahauliwa.

Nikaamua kujitafutia njia yangu. Kando ya mto wangu, kwenye ukuta, kulikuwa na ufa kati ya mbao mbili, uliozibwa kwa kitambaa cha maua mekundu. Nilikivuta uzi kwa uzi, mchana wanapolala, hadi nikapata tundu la kuingiza pua. Hewa iliyoingia pale ilikuwa ya baridi, yenye harufu ya mvua na mawe. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Nikamweka mwanangu kwenye tundu, akavuta, akakunja uso, akavuta tena. Tukawa tunapokezana, mama na mtoto, kama watu wawili wenye kiko kimoja.

Kila asubuhi alipita mama mmoja wa Masisi na maziwa yake. Alikuwa mwanamke Mkristo, mtaratibu, mwenye dharau ya kimya kwa kila mtu asiyefuga ng'ombe. Tangu tuzibe nyumba alikuwa hakanyagi ndani; aliacha maziwa barazani akapiga kelele. Asubuhi moja alipokuwa anapita upande wa ukuta wangu nilimsikia akisimama, kisha akimtaja Yesu.

"Kuna pua mu ukuta!" alisema.

"Ni yangu, mama," nikamjibu kwa sauti ndogo.

"Unafanya nini kule juu?"

"Napumua."

Akatua maziwa yake chini. "Mutoto anagonjwa?"

"Bado. Lakini shangazi amekuja na gripe, na tunalala naye pamoja. Batu bote ba huku mutaani banagonjwa?"

"Benye kujifungia njo banagonjwa sana," alisema. "Siye ku soko tuko muzima bengi."

Nikaona nimepata shahidi. "Kwa sababu ya upepo?"

"Upepo gani? Kwa sababu ya ng'ombe. Gripe inaogopa harufu ya ng'ombe. Nitakuletea mavi kidogo, upake ku mulango."

Nikarudisha pua yangu ndani. Nilikuwa katikati ya watu wenye hakika.

Haikupita muda yakawa yale niliyoyaona kwenye moshi. Baba mkwe alianza, mezani kwake. Alitetemeka hadi miguu ya meza ikawa inagonga ukuta, na hata katika homa alinyoosha kidole kuelekea ziwa, akilaumu. Shangazi akashindwa kuinuka, akawa anaungua kando yangu kama mkate. Nikamwonea huruma, maana ugonjwa ulikuwa umemshika kwelikweli, na bado alikuwa ananiomba radhi kwa vumbi. Nikamsaidia kushuka akalala kwenye mkeka chini. Mama mkwe alipomwona chini alipiga ukelele, lakini ukelele wenyewe ukakatikia kwenye kikohozi.

"Mama, unakohoa," nikasema.

"Sikohoi."

"Nimesikia."

"Ni pilipili." Akakohoa tena, amekaa juu ya kigoda chake juu ya sanduku lake, viatu vya mbao miguuni, machozi yanamtoka, akikataa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Huyu alikuwa anafichuliwa na kila pumzi, lakini kushuka hakushuka.

Siku iliyofuata, asubuhi mvua ikiwa imekatika, nilikuwa nambadilisha mwanangu nguo. Alinitazama, akakunja pua, akapiga chafya.

Chafya ndogo. Hata paka asingegeuka. Lakini mimi nilimwinua nikamwekea sikio kifuani. Mtoto ana wiki chache duniani, kifua chake hakizidi kiganja changu, na mtaani tulikuwa tumesikia vilio vya nyumba mbili zilizopoteza watoto wa umri wa wangu. Nilimchukia mama mkwe wangu dakika ile. Naandika hivyo bila kutia sukari. Nilichukia mawe yake, ngazi yake, ubani wake na mapenzi yake. Nilijua mke akivunja arobaini katika nyumba ya watu anaweza kurudishwa kwao, na kwetu kulikuwa mbali. Nikaona afadhali Kasongo na mwanangu kuliko Goma bila yeye.

Nikamfunga mtoto kifuani kwa kikwembe changu cha kitenge, nikatwaa mkeka, nikashuka ngazi.

"Unaenda wapi?" baba mkwe akauliza toka mezani.

"Inje."

"Inje wapi? Arobaini haijafika!"

"Itanikuta huko."

Nikasukuma blanketi la mlangoni. Mwanga ulinipiga hadi nikafumba macho. Nilikuwa nimesahau kwamba dunia ni pana. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kilichoinuka, mawe meusi yaliyosawazishwa, na toka pale unaona ziwa lote. Upepo ulikuwa unatoka huko, wa nguvu, migomba ya jirani inapiga makofi. Ulipita kwenye nguo zangu, ukaingia kwenye nywele zangu, ukaondoka na harufu ya chumba kile. Nililia, sijui kwa nini, labda kwa raha. Kisha nikatandika mkeka, nikafungua kikwembe, nikainama nimlaze mwanangu.

"Usimuweke chini!"

Sijawahi kusikia sauti kama ile, wala sitaki kuisikia tena. Haikuwa sauti ya kugombeza. Nikabaki nimeinama, mtoto hewani, siwezi kushuka wala kuinuka. Mama mkwe alikuwa ametoka. Hakuwa na viatu vya mbao. Alikuwa miguu mitupu juu ya mawe, blanketi begani, anakohoa na kukimbia kwa pamoja, na alipofika alipitisha mikono yake chini ya mikono yangu, akamshika mtoto kwa chini, kama mtu anayekinga kitu kisianguke.

"Usimuweke chini, mwanangu. Tafazali."

Hakuwahi kuniambia tafadhali.

"Mimi nilimuweka chini," akasema. "Kule Keshero. Tulikuwa na shamba. Nilitandika kikwembe chini ya mugomba, mahali pa kibonde kidogo, pa baridi, jua isimuchome. Nikageuka kulima. Alikuwa hajajua kutambaa bado. Sikusikia ata kilio."

Nilikuwa nimekaa nyumba ile karibu mwaka mzima na hakuna aliyenigusia. Mume wangu mwenyewe alikuwa anajiita mtoto wa kwanza, na sijui kama alikuwa anajua. Niliutazama uso wa mwanamke yule, mwekundu kwa homa, pua inamtoka, na chuki yangu yote niliyoshuka nayo ngazini sikujua niiweke wapi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema, na tunasema kirahisi. Yule alikuwa amebeba mawe kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe, ili mtoto wangu akae mbali na ardhi.

Tukasimama hivyo, mikono minne na mtoto mmoja. Upepo ulikuwa unatupiga ubavuni. Mtoto alikuwa anautazama, kama upepo unatazamika, na anafungua na kufunga mdomo.

"Mama," nikamuuliza polepole, maana sikuwa nauliza kwa kushindana, "mazuku inaweza kubakia mahali upepo inapita hivi?"

Akageuka akatazama ziwa. Akatazama migomba. Alikuwa mtu wa Goma, alijua mazuku kuliko mimi. Ni vile tu hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kujiuliza.

"Hapana," akasema. "Upepo inaifukuzaka."

Toka ndani baba mkwe alipaza sauti, akitaka kujua ni nani ameacha mlango wazi na upepo unatoka upande gani.

"Ile siku upepo haikukuwa," mama mkwe akasema. "Ata jani moja haikutikisika."

Nikamwachia mtoto. Sikupanga kumwachia, mikono ilifanya yenyewe. Alimpokea, akasimama naye kitambo, kisha akajitanda kona ya blanketi mdomoni, akafunga fundo kisogoni, kwa sababu alikuwa anakohoa na sasa alikubali kwamba anakohoa. Binti yangu hakupiga chafya nyingine siku ile wala siku zilizofuata.

Mama mkwe akapiga magoti kwenye mkeka, goti moja, halafu la pili, akishikilia mtoto juu kwa mikono miwili. Akakaa. Akamshusha taratibu hadi mapajani, na toka mapajani hadi mkekani, akamlaza chali juu ya ardhi, uso kwenye upepo, na kiganja chake akakiacha kifuani mwa mtoto, kinapanda na kushuka.